Kipandauso, uzazi wa mpango na ujauzito: jibu kwa mdogo wetu anayetumia valproeti

Mdogo wangu, umesema kipandauso kinakutesa tangu sekondari, kwamba kabla hakijaanza unaona vimulimuli, kwamba daktari alikuanzishia valproeti ya kukizuia, na sasa umeolewa. Unataka njia ya uzazi wa mpango ya mwaka mmoja hivi, kisha ubebe mimba. Nina watoto wawili na kipandauso cha aina hiyohiyo, kwa hiyo univumilie, nitaandika kwa kirefu.

Tuanze na hivyo vimulimuli, kwa sababu ndivyo vinavyoamua njia gani inakufaa. Mimi ni mwalimu, na mara nyingi vinanikuta nikisahihisha madaftari. Herufi za katikati ya neno zinapotea, kisha unatokea mstari unaong'aa wenye meno kama ya msumeno, unatambaa taratibu kuelekea pembeni. Baada ya nusu saa hivi unaondoka, na maumivu yanashika upande mmoja wa kichwa pamoja na kichefuchefu. Madaktari wanaiita hali hiyo aura. Mwenye aura hatakiwi kutumia njia yoyote yenye estrojeni, ile homoni ya kike, na hapo vinaingia vidonge vya majira vya kawaida, vile vyenye homoni mbili. Sababu ni kiharusi: aura yenyewe inaongeza hatari kidogo, na estrojeni inaongeza juu yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umeweka hali hii kundi la 4, maana yake usitumie kabisa. Asiye na aura na hajafika miaka 35 anaweza kuruhusiwa, ndiyo maana shoga yako anaweza kuvimeza miaka nenda rudi bila neno, na wewe ukakatazwa.

Bado unabaki na njia nyingi: kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni, kijiti, sindano, na vidonge vya homoni moja. Mimi niliweka kitanzi. Hedhi ilikuwa nzito miezi ya mwanzo, ila kichwa hakikubadilika. Kwenye kijiti na sindano, wapo wanaopata nafuu na wapo ambao kichwa kinazidi. Kikizidi, rudi kituoni ubadilishiwe. Nesi atakupima presha, lakini huenda asikuulize kuhusu aura. Mwambie wewe mwenyewe kabla hajachagua chochote, na usiseme tu kwamba unaumwa kichwa, kwa sababu kila anayeingia pale anaumwa kichwa. Sema, "Huwa naona mwanga kwanza, halafu kichwa kinaanza."

Sasa hiyo valproeti. Hapa nakusihi kama dada yako. Valproeti inaweza kuharibu uti wa mgongo wa mtoto aliye tumboni na kuathiri akili yake anapokua, na kwa kipandauso haifai kabisa kutumiwa na mjamzito. Uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya wiki nne tu tangu mimba itungwe, wakati wengi wetu hata hatujashtuka kwamba siku zimepitiliza. Kwa hiyo usisubiri kipimo kikuonyeshe mistari miwili. Nenda wiki hii, mwambie daktari una mpango wa kuzaa, akupangie namna ya kuiacha na njia ya uzazi wa mpango ya kutumia mpaka hapo. Topirameti, dawa nyingine ya kuzuia kipandauso, nayo si ya kubebea mimba, na inaweza kupunguza nguvu ya kijiti na vidonge. Mimi nilikuwa kwenye propranololi, nayo ni ya kuzuia kipandauso. Daktari aliipunguza kidogo kidogo mpaka nikaiacha, ndipo tukatoa kitanzi. Asidi ya foliki anza kumeza kabla ya mimba.

Miezi mitatu ya kwanza jiandae, huwa ni migumu. Kichefuchefu kinakufanya usile, na njaa inaita kichwa. Nilikuwa naweka kiporo cha viazi karibu na kitanda nikile kabla sijainuka. Baadaye estrojeni inapanda na kutulia, na wanawake wengi wanapumua kabisa, japo sisi wenye aura hatuna uhakika sana wa nafuu hiyo. Dawa ya kwanza ni parasetamoli, gramu moja, mapema kabla maumivu hayajakomaa. Ibuprofeni na diklofenaki ziache, hasa kuanzia wiki ya 20. Ergotamini, dawa ya zamani ya kipandauso, usiiguse, inabana mji wa mimba. Na zile dawa za maumivu za dukani soma nyuma ya pakiti, nyingine zina aspirini ndani. Parasetamoli ikishindwa, muulize daktari kuhusu sumatriptani, dawa ya kutuliza kipandauso chenyewe. Usiteseke gizani siku tatu ukidhani hakuna kingine.

Pia usikubali kila kichwa kiitwe kipandauso. Homa ikiwepo, pima malaria. Na baada ya wiki ya 20, kichwa kisicho cha kawaida yako ni cha kupimiwa presha siku hiyohiyo. Mimba yangu ya pili, mwezi wa nane, kichwa kilinishika paji lote, hakuna mstari wa msumeno, macho yana ukungu na vidole vimevimba hadi pete ikagoma kutoka. Kwenye zahanati niliyokwenda nikaambiwa, "Si umesema una kipandauso? Kapumzike." Niliomba presha ipimwe na sikutoka kwenye benchi mpaka ikapimwa. Ilikuwa 160 kwa 110, na mkojo una protini. Usiku huo nililazwa hospitali kwa dalili za kifafa cha mimba, na mtoto akazaliwa mapema, mzima. Maumivu chini ya mbavu upande wa kulia ni dalili nyingine. Hatari hiyo haiishi ukijifungua, inaendelea wiki sita za mwanzo.

Baada ya kuzaa estrojeni inaporomoka, usingizi hakuna, na kipandauso kinarudi. Mama alikuja kunilea arobaini nzima, na alipoona kichwa kimeanza alikuwa anahamisha jiko la mkaa nje, kwa sababu harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilikuwa inanimaliza. Usiku mume wangu alimbadilisha mtoto na kuniletea, nikamnyonyesha nimelala, kisha akambembeleza yeye. Omba msaada wa namna hiyo waziwazi. Ukinyonyesha, parasetamoli na ibuprofeni zinaruhusiwa, sumatriptani pia kwa ushauri wa daktari. Aspirini na ergotamini hapana. Ukipasuliwa kwa sindano ya mgongo na kichwa kikawa kinauma ukikaa na kutulia ukilala, hicho ni kitu kingine, warudie waliokuchoma. Kikija ghafla kwa nguvu, au na degedege, au mkono ukalegea, ni hospitali saa hiyohiyo.

La mwisho, kwa sababu nimeona wengi likiwapita: anayenyonyesha hupewa vidonge vya homoni moja, na mtoto akikua wanaweza kutaka kukuhamishia kwenye majira ya kawaida. Nesi atakuwa mwingine na hajui habari yako. Mwambie tena kuhusu aura, na omba iandikwe kwenye kadi yako. Ukishaonana na daktari kuhusu valproeti, njoo utuambie amekupangia nini.