Usianze na Mwanzo mwezi wa Januari

Swali la wiki hii: "Kwa nini mipango mingi ya kukua kiroho hufa kabla ya Pasaka, na mtu aanze vipi?"

Mingi huuawa na hesabu, imani haina kosa. Biblia ina sura 1,189, hivyo kuimaliza kwa mwaka kunadai sura tatu na zaidi kila siku. Mwanzo ina 50, Kutoka 40. Kwa sura tatu kwa siku, tarehe 31 Januari unafungua Mambo ya Walawi na kukutana na figo na mafuta ya wanyama wa sadaka, wakati huku Rungwe na Mbozi mahindi yanataka palizi na mbolea ya kukuzia. Mtu amerudi shambani amelowa, saa tatu usiku kalala. Zikimpita siku nne anadaiwa sura kumi na mbili, na deni la namna hiyo watu hulikimbia tu.

Msimu wa mvua soma Marko. Ina sura 16. Ukichukua mistari 14 hivi kwa siku, wiki saba zinatosha. Soma mara mbili: ya kwanza kwa sauti, ya pili kalamu mkononi. Kwenye daftari andika sentensi moja: nifanye nini kabla ya Jumamosi? Ukikosa siku, usifidie. Endelea pale ulipoishia.

Chukua Marko 2:1-12. Wengi hukimbilia muujiza na kuuruka mstari wa tatu, wenye watu wanne waliombeba aliyepooza. Jiulize ni nani kwenu leo hawezi kufika peke yake, na pembe ipi ya godoro ni yako. "Nitaongeza upendo" si jibu, halipimiki. Jibu ni "Alhamisi, mimi na wenzangu wawili, palizi kwa yule mama mjane." Hata Petro, katika waraka wake wa pili (1:5-7), anataja mambo saba ya kutia katika imani, na upendo anauweka mwisho, kiasi na saburi vinatangulia.

Halafu jumuiya. Hapa ndipo penye kazi. Wakikutana watu thelathini, wanasema wawili na waliobaki wanaitikia amina. Wagaweni sita sita. Saa moja inatosha: dakika 10 kusoma, dakika 5 kwa kila mtu kueleza alichoandika na alichofanya, 15 kuombeana, 5 za matangazo. Michango iingie kwenye matangazo hayo. Mkitangulia na bahasha, aliye mikono mitupu hasikii tena neno lolote.

Na angalieni chai. Kaya ya kwanza inatoa chai na maandazi, ya pili wali, ya tatu soda na kuku. Ya nne haina, inaomba zamu ipite, na baada ya mwezi hamuioni kabisa. Watu wanasema imerudi nyuma kiroho. Kubalianeni mapema: chai ya rangi, basi.

Kingine kinachoua kikundi ni umbea uliovikwa maombi. Kila mtu aombe kuombewa lake, asilete la mwenzake ambaye hayupo. Dhambi ya siri ipelekwe kwa mtu mmoja aliyekomaa, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke. Yakobo 5:16 inasema tuungamane dhambi, haikutaja kipaza sauti.

Kufunga: mwenye kisukari au anayemeza dawa na chakula asifunge kula kabla ya kuongea na daktari. Aliye mzima aanze na mlo mmoja, anywe maji, afungulie uji mwepesi.

Juni na Julai, baridi ya Makete na Njombe inaua maombi ya saa kumi na moja alfajiri. Msilaumiane, hamishieni jioni, jikoni penye moto. Kazi za shamba zimepungua, kwa hiyo ni wakati wa Zaburi: tano kwa siku, siku 30 zinamaliza zote 150. Siku ya 24 inaangukia Zaburi ya 119 yenye mistari 176. Ipeni jioni yake peke yake. Walawi isogezeni Agosti, sura 27, mkiisoma sambamba na Waebrania, maana humo ndimo mnapoelezwa zile sadaka zote ziliishia wapi.

Msomaji, Uyole, Mbeya