Hajapotea, karatasi ndizo zilizoungua

Ndugu, umeuliza kwa nini mfunga breki wa reli unayemtafuta yumo kwenye sensa ya Chicago ya 1880 na ya 1900, lakini katikati haonekani; si lazima awe alihama. Sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote haipo: moto wa Januari 1921 kwenye jengo la Wizara ya Biashara, Washington, uliiunguza sehemu, maji ya zimamoto yakaharibu nyingine, na mabaki yakaja kuteketezwa kwa idhini ya serikali miaka ya 1930. Nami nilihangaika hivyohivyo na ukoo wa mke wangu mpaka nikajua.

Pengo hilo zibe kwa vitabu vya wakazi wa mji, vilivyotoka karibu kila mwaka: jina, kazi, mtaa. Hapo ndipo utamwona mtu akianza kibarua, mwaka wa pili mtia makaa, halafu dereva wa treni.

Sensa ya 1900 isome polepole. Ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na mama kaulizwa amezaa wangapi na wangapi wako hai. Mama niliyemfuatilia mimi aliandikiwa saba, walio hai watatu.

Ila umri usiuamini sana; wengine "walizeeka" miaka sita tu kati ya sensa mbili zilizopishana miaka kumi. Na mafaili ya Bodi ya Mafao ya Reli, idara ya serikali ya Marekani inayolipa pensheni za wafanyakazi wa reli, yanahusu waliofanya kazi baada ya 1936 tu.