Muulize Mwalimu wa Kemia: Nachemsha maji kila siku, mbona meno ya mtoto ni ya kahawia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwetu ni Tanga, niliolewa huku Usa River miaka tisa iliyopita. Mwanangu ana miaka saba, na meno ya mbele aliyoota sasa yana madoa ya kahawia. Maji ya kunywa nachemsha bila kukosa. Jirani mmoja hununua dumu la maji ya "nano", anasema hayana floridi. Mwingine anasema maji ya kuchuja yanapitishwa kwenye mifupa ya ng'ombe. Mama mkwe kasikia hivyo, hataki hata kuyaona. Nani mkweli?
Mama Zuwena, Usa River

JIBU: Marahaba, Mama Zuwena. Mimi ni mzaliwa wa hukohuko Meru, na kwenye picha yangu ya harusi nimefumba mdomo. Umeshajua kwa nini.

Kuchemsha kunaua vijidudu, na uendelee kuchemsha. Lakini kinachotia meno kahawia ni floridi ikizidi majini, nayo si kidudu, ni madini. Inayeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Ukichemsha, mvuke unaondoka na floridi inabaki sufuriani. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4.

Jirani zako wote wawili wakweli, ila kila mmoja anasema lake. Mkaa wa mifupa umefanyiwa kazi miaka mingi Ngurdoto, hapo karibu na kwako. Mifupa huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500 hivi, kisha husagwa. Ikiungua vibaya, maji yananuka. Madini ya mfupa ni ndugu wa madini ya jino: yanaachia sehemu yake iitwayo hidroksidi, yanashika floridi. Kwa hiyo tunaitegea floridi mfupa wa ng'ombe ishike huo, imwache mtoto. Mama mkwe akitaka kujua ni mnyama gani na kachinjwaje, amuulize mwenye chujio. Hapo kemia haina neno.

Hiyo "nano" ni habari nyingine. Dkt. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela hapo Arusha, alichanganya chujio la mchanga na chembe ndogo mno zinazochaguliwa kufuatana na uchafu wa maji ya mahali. Mwaka 2015 kazi hiyo ilishinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ilipotolewa kwa mara ya kwanza.

Ila chujio lolote hujaa. Likishajaa, maji yanatoka meupe vilevile na floridi yake imo. Muulize muuzaji alibadilisha lini vya ndani, akuoneshe na kipimo. Akianza kukusifia tuzo, hama kioski.

Sasa nikuulize mimi: makande unatia magadi? Watu wa Tanga mkifika huku mnajifunza upesi! Magadi mengi ya huku yana floridi, hata maji yako yawe safi vipi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva.

Meno yaliyokwisha kuota hayatarudi kuwa meupe yenyewe. Daktari wa meno anaweza kuyafunika. Kama Zuwena ana mdogo wake, wahi kwa huyo, kwani meno ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi tangu uchangani hadi miaka minane hivi. Maji ya mvua hayana floridi ya kutisha. Mabati yakishasuuzwa na mvua za kwanza, kinga, chemsha, mpikie uji. Ya bomba fulia.