Wasomaji Wauliza: Watu wa Imani Tofauti na Makala Moja ya Dini

SWALI: Mhariri, pokea salamu zetu. Sisi ni vijana watano wa Eastlands tunaojitolea kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili. Wawili ni Waislamu, wawili ni Wakatoliki na mmoja ni Mwakorino. Mwezi uliopita tulianza kuipanua makala fupi kuhusu kanisa la Legio Maria. Mwenzetu mmoja aliandika kwamba ni "kundi lililopotoka", nami nikafuta. Akarudisha, nikafuta tena. Hadi kufikia saa nne usiku tulikuwa tumenyang'anyana sentensi hiyo mara sita, na asubuhi tukakuta mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, ameufunga ukurasa. Mwenzangu anasema yeye ana chanzo, yaani kijitabu cha kanisa lake, na mimi sina. Nani ana haki?
Msomaji, Umoja

JIBU: Ndugu yangu, mkabidhi alifanya vyema, kwa kuwa ninyi wawili mlikuwa mkibishana ndani ya makala yenyewe, mbele ya msomaji aliyekuja kutafuta habari. Kila makala ina ukurasa wake wa Majadiliano, na hapo ndipo ugomvi wenu ulipaswa kwenda mara tu mwenzako alipourudisha uhariri wake mara ya kwanza. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa asihariri, hata kama hoja yake ilikuwa sahihi. Wengi huona hilo kuwa ni uonevu. Mimi naliona kuwa ni jambo la busara, kwani katika mambo ya dini kila mmoja huamini kwamba hoja yake ni sahihi.

Sasa tuitazame sentensi yenyewe. Neno "lililopotoka" halimwambii msomaji lolote kuhusu Legio Maria. Linamwambia tu kwamba aliyeandika anasali kwingine. Kijitabu cha mwenzako ni chanzo cha jambo moja pekee, nalo ni kile ambacho kanisa lake linasema kuhusu wengine. Hata hivyo, nawe ulikosea, kwa sababu ulifuta na kuacha pengo. Anayeondoa hukumu hana budi kuweka habari mahali pake. Lau ningekuwa nimeketi nanyi, ningependekeza hivi: "Legio Maria ni kanisa lililoanza katika eneo la Nyanza, nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1960, waanzilishi wake walipojitenga na Kanisa Katoliki. Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko walikuwa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo. Waumini wake humwona Ondetto kuwa Masihi, imani ambayo Kanisa Katoliki haliikubali." Msomeeni Mlegio, kisha msomeeni Mkatoliki. Kila mmoja atatamani kuongeza neno, lakini hakuna atakayesema kwamba amesingiziwa.

Ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo katika lugha yetu wenyewe. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na tangu hapo waandishi wake wamelazimika kuandika kuhusu dini kwa maneno ambayo yenyewe yametoka katika dini. Chukueni neno "madhehebu". Mwislamu akilisikia huwaza Shafii, Hanafi, Maliki na Hanbali, au Sunni na Shia. Mkristo huwaza Waanglikana na Walutheri. Ukiandika "dhehebu" bila maelezo, watu wawili watasoma habari mbili. Neno "ushirikina" ni baya zaidi. Siku hizi hutajwa kwa kila tambiko la wazee, na mwandishi hana habari kwamba tayari ametoa hukumu ya kidini, kwa kuwa asili ya neno hilo ni kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Andikeni "tambiko", elezeni linavyofanywa na linafanywa na nani, kisha mwishie hapo.

Mkitaka mazoezi mazuri ya pamoja, jaribuni habari za tafsiri za Kurani kwa Kiswahili. Tafsiri ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa Zanzibar, ilitoka mwaka 1923. Ile ya Waahmadiyya, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, ilichapishwa hapa Nairobi mwaka 1953, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ikakamilika kuchapishwa mwaka 1969, pia hapa Nairobi. Miaka hiyo, mahali na majina vyaweza kuandikwa na yeyote kati yenu watano bila kuinua sauti. Ubishi utaanza mtakapofika kwenye swali la ipi inaaminika, na hapo kila kauli itajwe pamoja na mwenyewe: fulani aliikosoa hii kwa sababu hii, katika kitabu hiki, ukurasa huu.

SWALI: Assalaam aleikum. Niliandika jina la Mtume Muhammad nikaweka "s.a.w." mbele yake, na mhariri nisiyemjua akaiondoa. Niliumia sana. Je, huku si kuidharau dini yetu?
Msomaji, Eastleigh

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Maumivu yako nayaelewa, lakini aliyeondoa huenda hakukusudia dharau, kwa kuwa mwongozo wa uandishi wa Wikipedia ya Kiingereza, ambao wahariri wa lugha nyingine huufuata mara nyingi, huondoa pia "Bwana wetu" mbele ya jina la Yesu. Makala haina imani, hivyo haiwezi kumswalia Mtume. Wewe waweza kumswalia huku ukiandika. Maneno hayo hubaki pale tu unaponukuu mtu aliyeyasema. Kuhusu neno "Mtume" lenyewe, wapo wanaotaka liondolewe nalo, lakini mimi nisingekubali: katika Kiswahili "Mtume Muhammad" limekuwa jina la kawaida, kama vile Wakristo na wasio Wakristo wanavyosema "Mtume Paulo".

Suala la picha lilikuwa zito zaidi. Mwaka 2008 watu zaidi ya 100,000 walitia saini ombi la kutaka picha za kale zinazomwonyesha Mtume ziondolewe katika makala ya Kiingereza. Wahariri walikataa, ila waliweka maelezo ya namna ambavyo msomaji asiyetaka kuziona anavyoweza kuzificha kwenye kompyuta yake. Si kila mtu aliridhika, na hadi leo wapo wasioridhika.

SWALI: Baba yangu ni mmoja wa wazee walioanzisha kanisa letu, na historia yote anayo kichwani. Naweza kuiandikia makala?
Msomaji, Kawangware

JIBU: Usiianzishe wewe. Mwaka 2009 kamati ya usuluhishi ya Wikipedia ya Kiingereza ilizuia uhariri kutoka kwenye anwani za intaneti za Kanisa la Scientology, kwa sababu makala kuhusu kanisa hilo zilikuwa zikihaririwa kutoka humo kwa kulipendelea. Kanisa lenu ni dogo, lakini kanuni ni ileile. Zaidi ya hayo, kumbukumbu za mzee ambazo hazijachapishwa popote hazikubaliki kuwa chanzo, hata awe mkweli kiasi gani. Nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue ukatafute magazeti ya miaka hiyo, kisha weka ulichokipata katika ukurasa wa Majadiliano huku ukisema wazi kwamba wewe ni mtoto wa mwanzilishi. Baba mrekodi sasa. Muulize miaka, mahali na majina. Gazeti au chuo kikuu kikichapisha mahojiano hayo, mhariri mwingine atayatumia kuandika makala, nawe utabaki pale kwenye Majadiliano ukimsahihishia tahajia za majina ya wazee.