Mtoto anayetimiza miaka 3 katikati ya safari ya Orlando: akatiwe tiketi au asikatiwe?

Dada uliyeuliza kutoka Mombasa, salaam. Kwa faida ya wanaosoma sasa hivi, nirudie kwa ufupi uliyoyaeleza. Mnatua Orlando, jimbo la Florida, Marekani, tarehe 2 Machi, wewe, mumeo na watoto wawili, na mtafikia kwa binamu yako Kissimmee, mji jirani. Kitinda mimba wenu anatimiza miaka 3 tarehe 5 Machi, na kaka yake anatimiza miaka 10 tarehe 7 Machi. Mmepanga kwenda bustani za burudani za Universal tarehe 3 na 4, kisha siku nne katika zile za Walt Disney World kuanzia tarehe 5, ili mdogo asherehekee siku yake ya kuzaliwa humo. Unauliza kama mdogo atahitaji tiketi, kama mkubwa atatozwa bei ya watu wazima, na kama ile beji ya siku ya kuzaliwa inaweza kuwaponza getini.

Ninaishi Atlanta, mwendo wa kama kilomita 700 kwa gari hadi Orlando, na binti yangu alitimiza miaka 3 tukiwa humo humo Disney. Tangu hapo nimekuwa nikiwapangia safari hii ndugu wanaotutembelea kutoka nyumbani, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyaona yakifanya kazi.

Kanuni ya msingi ni rahisi. Katika bustani nne za Walt Disney World, yaani Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom, mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 haingii kwa tiketi, bali hupita getini na wazazi wake bila kulipa chochote. Kuanzia miaka 3 hadi 9 analipiwa bei ya mtoto, na kuanzia miaka 10 anahesabiwa kuwa mtu mzima. Universal Orlando nao wanatumia mipaka hiyo hiyo ya miaka 3 na 10. Kwa Disney, anayeivuka mipaka hiyo akiwa safarini anahesabiwa kwa umri aliokuwa nao safari ilipoanza. Aliyefika akiwa na miaka 2 anabaki wa miaka 2 hadi siku ya mwisho, hata kama keki imeshakatwa, na mwenye tiketi ya mtoto aliyefika akiwa na miaka 9 haambiwi arudi dirishani kulipa nyongeza. Kwa wanaolala katika hoteli za Disney, safari huanza siku wanayopokelewa hotelini. Sisi tulilala huko, na siku ya kwanza mhudumu wa getini aliniuliza umri wa binti yangu, nikamjibu, akatupitisha. Siku zilizofuata hakuna aliyeuliza tena.

Hapo ndipo ratiba yako inapohitaji kupanguliwa. Ninyi hamna siku ya kupokelewa hotelini, kwa sababu mnalala kwa ndugu, na kutua uwanja wa ndege tarehe 2 hakumhusu Disney. Kwenu ninyi, safari ya Disney inaanza siku mnayopita geti lao kwa mara ya kwanza kwa tiketi hizo. Kama mlivyopanga, siku hiyo ni tarehe 5, na tarehe 5 mwanao ana miaka 3 kamili. Hakuna namna ya kusema kwamba alifika akiwa na miaka 2, maana siku ya kwanza ndiyo hiyo hiyo ya kuzaliwa. Atahitaji tiketi ya siku nne kama kaka yake, na ikikumbukwa kwamba tiketi ya siku moja tu huko haishuki chini ya dola 100, hizo ni fedha ambazo familia haina sababu ya kuzitoa kwa ajili ya mpangilio wa siku peke yake.

Kugeuza ratiba nzima, Disney kwanza na Universal mwishoni, ndilo wazo la haraka, lakini halitawafaa. Mkianza Disney tarehe 3 na kumaliza tarehe 6, mtaingia Universal tarehe 7, siku ambayo mdogo ameshakuwa wa miaka 3 na mkubwa wa miaka 10. Kila mwenye geti anahesabu umri kwa safari yake mwenyewe, wala Universal hawana haja ya kujua kwamba mlianzia Disney. Mtakuwa mmeokoa tiketi upande mmoja na kuinunua upande wa pili.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Tiketi ya Disney ya siku nne hailazimishi siku hizo zifuatane, kwani inaruhusu kutumika ndani ya muda wa siku 7 kuanzia tarehe mliyoichagua. Nunueni tiketi inayoanza tarehe 3 Machi, ambayo itakuwa hai hadi tarehe 9. Tarehe 3 ingieni Animal Kingdom. Tarehe 4 nendeni Universal kwa tiketi ya siku moja, na hapo hapana utata wowote, kwa kuwa siku hiyo watoto wana miaka 2 na 9. Tarehe 5 rudini Disney, katika Magic Kingdom, kwa sherehe mliyoitaka. Siku mbili zitakazobaki zitumieni wakati wowote hadi tarehe 9, tena mkiwa na nafasi ya kupumzika kwa binamu, jambo ambalo wageni wengi hulidharau mpaka watoto waanze kulia kwenye foleni. Kwa mpango huu kila geti mnalifikia kwa mara ya kwanza kabla ya tarehe 5. Siku ya pili ya Universal mtaikosa, lakini kwa familia yenye mtoto wa umri huo siioni kuwa hasara kubwa, kwa kuwa michezo mingi ya kupanda ya huko ina masharti ya urefu wa mtoto na mzazi mmoja angeshinda nje na mdogo. Mkichagua Islands of Adventure, moja ya bustani za Universal, iko sehemu inayoitwa Seuss Landing ambayo imetengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo.

Animal Kingdom nimeiweka ya kwanza kwa sababu mbili. Mwanzoni mwa Machi Florida iko nyuma ya Mombasa kwa saa 8, kwa hiyo asubuhi ya tarehe 3 watoto wataamka usiku wa manane wakidai chai, na bustani hiyo kwa kawaida hufungua mapema kuliko nyingine, hivyo mnaweza kuingia asubuhi na mapema na kutoka mchana kabla usingizi haujawaangusha. Sababu ya pili ni ya moyoni tu. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, ambacho majengo yake yamechukua sura ya Lamu, kuta zimebandikwa matangazo ya Kiswahili, na kutoka hapo linaondoka gari la Kilimanjaro Safaris linalowapitisha watu katikati ya twiga na tembo wa kweli. Mchezo huo hauna sharti la urefu. Mtu wa Pwani atacheka mengine na kushangaa mengine, na mimi nilifanya yote mawili.

Hapo hapo Harambe kuna mkahawa unaoitwa Tusker House, ambapo mnalipa bei moja kwa kila mtu na kula mpaka mshibe, huku watu waliovaa kama wahusika wa katuni za Disney wakipita mezani kupiga picha. Katika mikahawa ya aina hiyo aliye chini ya miaka 3 hatozwi, na wa miaka 3 hadi 9 ana bei yake. Mkila hapo tarehe 3, suala la umri halitajitokeza kabisa. Mkitaka mlo wa namna hiyo siku ya sherehe yenyewe, ushauri wangu ni kumwambia mhudumu hali halisi mapema, yaani mlianza safari mtoto akiwa na miaka 2 na leo ndiyo anafikisha 3. Nilifanya hivyo kwa binti yangu, mhudumu akacheka, akamtakia heri, na bili ikaja bila jina lake. Angemtoza nisingebishana, kwa sababu mtoto wa umri huo anaweza kumaliza sahani ya macaroni bila msaada wa mtu.

Kuhusu beji, ondoa wasiwasi. Beji za siku ya kuzaliwa zinatolewa bure katika ofisi ya huduma kwa wageni ya kila bustani, jina la mtoto linaandikwa juu yake, na siku nzima wafanyakazi watamwita kwa jina na kumpongeza. Binti yangu alipita getini na beji yake kifuani, na mfanyakazi yule yule aliyekuwa akikagua tiketi zetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpongeza. Beji haiwezi kuwa ushahidi dhidi yenu ikiwa hamna mlichoficha.

Nasisitiza hilo kwa sababu kuna mchangiaji hapo juu aliyekushauri useme tu kwamba mtoto ana miaka 2 na uachane na ratiba, kwa madai kwamba hakuna anayeomba cheti. Ni kweli kwamba mara nyingi hakuna anayeomba cheti. Lakini kanuni yenyewe tayari inawapa nafuu mnayoitafuta, na kinachotakiwa ni kusogeza siku tu, kwa hiyo sioni kwa nini mtu aingie uongo kwa jambo linalopatikana kwa haki, tena mbele ya kijana wa karibu miaka 10 anayesikia na kuelewa kila kinachosemwa. Bebeni pasipoti za watoto au picha zake kwenye simu, na mkiulizwa, jibuni tarehe kamili ya kuzaliwa.

Na hapo kwenye tarehe pana mtego ambao umewapata watu wawili niliowasaidia. Wamarekani hutanguliza mwezi kabla ya siku. Mtu aliyezoea maandishi ya nyumbani akijaza 05/03 kwa maana ya tarehe 5 Machi, mfumo unasoma tarehe 3 Mei, na hautalalamika kwa sababu namba zote mbili zinaweza kuwa mwezi. Kwa mkubwa wenu, 07/03 inageuka kuwa tarehe 3 Julai. Kwenye programu ya simu ya Disney kosa hilo linarekebishika, ila kwenye tiketi ya ndege kuelekea Marekani tarehe ya kuzaliwa inatakiwa ilingane na pasipoti, na kurekebisha siku ya safari mbele ya kaunta ni adha. Kagueni sasa, mkiwa bado mna muda.

Kwa kuwa nimeitaja ndege, kuna mama mwingine aliyeuliza juu ya mtoto wake atakayetimiza miaka 2 akiwa safarini, na jibu lake ni tofauti kabisa. Ndege haihesabu umri wa siku ya kwanza. Mtoto anaruhusiwa kupakatwa mpaka atakapotimiza miaka 2, na baada ya hapo ni lazima awe na kiti chake na mkanda wake, kwa sababu ni suala la usalama. Akienda akiwa na mwaka mmoja na miezi 11 anaweza kupakatwa, lakini akirudi akiwa ameshatimiza miaka 2 lazima awe amelipiwa kiti. Utaratibu wa namna ya kuikata tiketi hiyo unatofautiana kati ya mashirika, basi mpigie wakala kabla ya kulipa.

Jambo moja la kumwandaa mdogo ni kwamba kutimiza miaka 3 hakumfungulii mchezo wowote. Michezo ya mwendo mkali inapimwa kwa urefu wa mtoto mlangoni, na umri hauingii katika hesabu hiyo. Seven Dwarfs Mine Train inataka sentimita 97, Tiana's Bayou Adventure sentimita 102, na Space Mountain sentimita 112. Watoto wengi wa miaka 3 wanakaribia sentimita 95 au 96, kwa hiyo anaweza kukosa ule wa kwanza kwa upana wa kidole. Mpimeni nyumbani akiwa na viatu atakavyovaa. Akipungukiwa, mwombeni mfanyakazi wa mlangoni utaratibu wa kupokezana: mzazi mmoja anapanda na kaka mtu, kisha mwenzake anaingia bila kupanga foleni ndefu upya. Dumbo, Peter Pan's Flight na mashua za "it's a small world" hazina kipimo chochote, na siku yake inaweza kujaa kwa hizo peke yake.

Kuhusu mkubwa, tofauti kati ya bei ya mtoto na ya mtu mzima ni ya dola chache, kwa hiyo hata mambo yakienda kombo kwake hamtaumia. Mkatieni tiketi ya bei ya mtoto kwa umri wa miaka 9 aliyo nao tarehe 3, na tiketi hiyo itamfikisha hadi tarehe 9. Kabla ya kulipa, mwandikie mhudumu wa Disney kupitia programu yao, ueleze kwamba mtalala kwa ndugu, mtaingia kwa mara ya kwanza tarehe 3 na mtoto anatimiza miaka 3 tarehe 5, kisha uhifadhi jibu lake kwenye simu. Mkikutana na mfanyakazi mgeni asiyeijua kanuni hii, mtamwonyesha.