Sheria au uhandisi wa umeme? Nimesoma zote mbili

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu, simu yangu haipumziki. Wadogo zangu wa hapa Dodoma, wengine wa Manyoni na Kondoa, wote swali moja: "Kaka, ipi ngumu, sheria au umeme?" Wananiuliza mimi kwa sababu nimepita kote. Nilianza na shahada ya umeme, miaka minne. Kazi ikanileta Dodoma, na nikiwa kazini nikajisajili sheria Chuo Kikuu Huria, nikawa nasoma usiku na mwisho wa wiki. Mama yangu mpaka leo anauliza nilikuwa natafuta nini.

Kwanza tumalizane na jepesi. Kama kidato cha tano na sita ulisoma HGL au HKL (michepuo ya historia na lugha), uhandisi usahau. Bila hesabu na fizikia hupokelewi. Swali hili ni la watu wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) na jirani zao, na hata wao wausome vizuri mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, maana kila chuo kina masharti yake.

Sasa ugumu wenyewe. Umeme ni mgumu waziwazi, haujifichi. Unaanza na kalkulasi, zinafuata namba changamano na hesabu za Laplace, halafu inakuja sumakuumeme, somo ambalo darasa zima linakuwa kimya na hakuna anayeuliza kitu. Sapu, yaani mitihani ya marudio, zinamwagika. Lakini umeme una wema mmoja: unakuonyesha ulipokosea. Chukua sakiti yenye betri mbili na vipinga vitatu, andika milinganyo ya Kirchhoff (ya mikondo na volti za sakiti), jibu likatoka ampea −2. Hiyo alama ya kutoa isikutishe, inakwambia tu kwamba mkondo unakwenda kinyume na mshale uliouchora mwenyewe. Mikondo inayoingia kwenye makutano isipolingana na inayotoka, umeshajua kuna mstari umeharibika kabla mwalimu hajashika kalamu nyekundu.

Kazini ni vilevile. Huku kwetu visima ndiyo maisha. Pampu ya fezi tatu inafungwa, inawashwa, inanguruma vizuri kabisa, ila maji yanayotoka ni kidogo ya kuchekesha. Fundi anayejua anazima umeme, anabadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu, mota inazunguka upande mwingine, maji yanapanda. Hakuna mjadala hapo.

Sheria haikuonyeshi. Mtu anatoka chumba cha mtihani anapiga mluzi, matokeo yakija ana sapu, na bado haelewi kakosea wapi. Nikupe mfano wa swali la mikataba. Muuza duka pale Majengo kabandika bei kwenye friji, mteja anasema nanunua, muuzaji anakataa kuuza. Je, kuna mkataba? Karibu kila mtu anajibu hakuna, na ni kweli. Ila jibu hilo peke yake halikupi maksi za maana. Maksi ziko kwenye njia: kwamba bidhaa yenye bei dukani ni mwaliko tu, mteja ndiye anayetoa pendekezo la kununua, na muuzaji ana haki ya kulikataa. Hapo uitaje kesi ya Fisher dhidi ya Bell ya 1961, ueleze ilihusu nini (kisu kilichowekwa kwenye dirisha la duka huko Uingereza), kisha uurudishe huo msingi kwenye friji yetu. Wengi wanaimwaga kesi yote kama walivyoikremu na friji wanaisahau palepale Majengo.

Halafu kuna kusoma. Watu wa umeme tulizoea kitini cha kurasa chache na maswali mengi. Sheria unapewa hukumu ndefu ya Kiingereza kizito na wiki inayofuata unapewa nyingine. Madesa, yale maelezo mafupi ya kukremu, hayakuokoi. Kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ya 1990, kila mwanafunzi anakisimulia kisa chake: mwanamke wa Kihaya kauza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake, mpwa wake akapinga kwa mila isiyomruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Muulize sasa Jaji Mwalusanya, aliyeamua kesi hiyo, aliipimaje mila ile dhidi ya haki zilizomo kwenye Katiba, wengi wanatazama dari.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: shahada ya umeme ni ngumu zaidi kuimaliza, lakini safari nzima ya sheria ni ngumu zaidi. Mhandisi akishahitimu anajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, anafanya kazi chini ya wakubwa zake kwa takriban miaka 3, anaomba usajili kamili. Mwanasheria anayetaka uwakili anakutana na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School). Mwaka 2022 yalitoka matokeo yaliyotikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, 265 wakafeli. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Hao wote walikuwa na shahada zao mkononi.

Kabla hujajaza fomu, nenda Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe, kaa benchi la nyuma asubuhi nzima. Kesi nyingi zinasikilizwa hadharani na hutozwi kitu. Siku nyingine nenda kwa mafundi wanaofunga upya nyaya za mota zilizoungua, uwaombe uangalie. Angalia ni wapi ulisahau kutazama simu.

Kusoma zote mbili kama mimi sikushauri, labda upate mwajiri wa kukulipia ada. Mimi sikumpata.