Kabla Hujanunua Vidonge vya "Seli Shina" kwa Ajili ya Fibroidi

Wauzaji wa vidonge vya "seli shina" (seli mama, zinazozaa seli nyingine) wamefika mpaka Ujiji, Kigoma. Aliyenifuata mimi, kidonda cha kutolewa fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, hakijakauka vizuri, aliniapia kwamba dozi yake inasafisha kizazi na uvimbe haurudi tena. Nikamuuliza: ndani ya fibroidi kwani hakuna seli shina? Akanionyesha picha za wateja.

Zimo. Kila fibroidi huanzia kwenye seli moja ya msuli wa kizazi iliyopata hitilafu. Takriban fibroidi 7 kati ya 10 zina hitilafu kwenye jeni iitwayo MED12, jambo lililogunduliwa na watafiti wa Finland mwaka 2011. Seli shina ni chache mno kwenye uvimbe, lakini bila hizo uvimbe haukui. Cha ajabu, zenyewe zina vipokezi vichache vya homoni za kike, estrojeni na projesteroni. Homoni hupokelewa na seli zilizokomaa zilizo jirani, kisha hizo ndizo huzipa seli shina ishara ya kuzaliana.

Ndiyo maana wataalamu huzishuku seli shina pale sindano za kuzima homoni zinapopunguza uvimbe, nao ukarudi zikiachwa. Dawa ya kulenga seli shina zenyewe bado ni kazi ya maabara. Anayekuuzia leo anauza maneno.

Kwa hiyo, dada yangu, kizazi kikibakishwa kwenye upasuaji, fibroidi nyingine zinaweza kuota. Rudi kupima ultrasaundi kama ulivyopangiwa. Unataka mtoto? Liseme kabla ya upasuaji, na uulize usubiri muda gani baadaye. (Wifi yangu alisema nimetupiwa jini la ziwani. Nilimpa chai, nikaenda kliniki.)

Hedhi ikitoka mabonge, au ukipanda kutoka stesheni ya Kigoma kwenda mtaa wa Mwanga unasimama kuhema, kapime wingi wa damu. Hamu ya kutafuna udongo wa pemba nayo usiichekee, inaweza kuwa dalili kwamba madini ya chuma yamepungua.

Kama fibroidi hazikusumbui, mara nyingi hakuna haja ya kukatwa. Nyingi hunywea hedhi ikikoma kabisa kwa umri. Ila majibu ya ultrasaundi usiyakunje tu mkobani. Uliza ziko ngapi, ukubwa gani, na zimekaa wapi, maana ndogo iliyojitokeza ndani ya mfuko wa kizazi inaweza kukutoa damu kuliko kubwa iliyoning'inia nje.